Mchi wa Mwalimu Thankamma

Mwalimu Thankamma alistaafu kufundisha Kiingereza, ila Kiingereza chenyewe kiligoma kustaafu. Kila alfajiri, ukuta wangu hapa mjini Pala ulitikisika: pa, pa, pa, PUU! pa, pa. Alikuwa akimnoa mjukuu wake Jisna kwa kinu na mchi. Silabi nyepesi, unagonga ukingo wa kinu kwa kiganja. Silabi yenye mkazo, unashusha mchi. Maneno yakirefuka unga wa mchele unajaa, na sisi majirani tunagawiwa puttu, mkate wa unga huo uliopikwa kwa mvuke, mpaka tunajificha.

Nami nilikuwa nikigonga ukuta. “Mwalimu! Wengine tumelala!”

“Lala, Rosily, nani kakushika? Mwenzio ana usaili!”

Kweli, alikuwa nao. Jisna ni muuguzi, tena hodari, lakini hospitali moja ya Uingereza ilishamkataa kwa kuwa matamshi yake hayakueleweka. Akifeli tena, mlango umefungwa.

Siku ya usaili, Jisna alikaa sebuleni mbele ya kompyuta, juu koti jeupe la kazi, chini gauni la kulalia. Mimi na Mwalimu tulijibanza jikoni, tumekatazwa hata kukohoa. Bibi wa Kizungu kwenye kompyuta akauliza: muuguzi mzuri anahitaji nini kwanza? Jisna alitaka kusema wajibu, ‘risponsibiliti’, neno walilolitwanga miezi.

“RIS… rispo…”

“Samahani?”

“Risponsi…”

“Samahani?”

Mwalimu akasimama.

“Keti wewe! Utamharibia!” nikamvuta nguo.

“Niachie!” Akaukamata mchi. Pa, pa, pa, PUU! pa, pa.

“Ri-spon-si-BI-li-ti!” Jisna akalitoa zima zima.

“Na hiyo kelele?” akauliza yule bibi.

“Nyanya yangu, anatwanga mchele.”

Yule Mzungu akacheka, na Jisna naye. Baada ya hapo maneno yakamtoka kama maji. Akapita! Tulipiga vigelegele hadi mbwa wa mtaa wakabweka.

Baada ya Pasaka Jisna akaondoka kwenda Uingereza. Ukuta ukanyamaza, nami nikapata usingizi niliokuwa nikiudai. Usingizi gani! Nilikesha nimetoa macho, nimemkasirikia kila mtu.

Alfajiri moja nikasikia, polepole: pa, pa, pa, PUU. Kisha basi. Nikangoja. Nikasikia Mwalimu akivuta kamasi.

Nikanyoosha mkono nikagonga ukuta kwa kiganja: pa, pa.

Sauti ya Mwalimu yenye kilio ikapaa: “Ya mwisho umeiharakisha, Rosily! Hebu njoo huku!”