Walionipokonya Kuchezesha

Kwetu Chanika hatusemi refa anaamua mechi. Tunasema anachezesha. Nililipenda neno hilo: watu ishirini na wawili na hasira zao, wewe ndiye unayewafanya wacheze na warudi makwao bila kupasuana vichwa. Miaka saba nimechezesha mechi za mchangani, sijawahi kuitwa mwizi. Sikuwa na kingine cha kujivunia, jamani.

Tulikuwaga na utaratibu wetu. Kabla ya mpira kuanza wachezaji wanapanga mstari, kiongozi wa timu anapita na refa: huyu wa mtaani kwetu, na huyu wa kwetu. Mamluki, yaani mchezaji wa kuazima kutoka mtaa mwingine, alikuwa haruhusiwi. Vitambulisho nani aviulize? Neno la kiongozi lilitosha.

Jumapili hiyo kiongozi wa timu moja alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Tulipofika kwa mshambuliaji wake nikasita. Sura ngeni.

"Kaka, huyu vipi?"

"Wa kwetu, kahamia juzi. Mdogo wangu, hata mie huniamini?"

Nikampitisha.

Kipindi cha pili, yule mgeni kashafunga mawili, shabiki wa upande wa pili akapayuka: "Huyu anakaa Goba, namjua!" Mwenyewe alipobanwa akakubali. Uwanja mzima ukanijia mie. Nikamtazama kaka, nikingoja aseme.

Akasema, tena kwa sauti: "Mie nilimwambia refa huyu si wa kwetu. Akajibu mwache acheze."

Wallahi! Nilisukumwa, nikazomewa, nikamwagiwa maji sijui ya nini. Kaka kasimama palepale, mikono mfukoni.

Nyumbani nikamvaa. "Umeniuza, kaka! Mie damu yako!"

Akacheka. "Mie wangenipiga. Wewe refa, matusi umeshayazoea. Yameisha hayo, bwana."

Yaliishia wapi! Viongozi wa timu walikaa kikao wakaniondoa. Nikiingia dukani, watu wananyamaza. Niliumia mno, na nilimchukia, sifichi.

Jumapili iliyofuata akabisha hodi asubuhi, kavaa soksi ndefu. Alikuja kuazima filimbi yangu. Wamemchagua yeye achezeshe, alisema, kwa kuwa amesema ukweli hata dhidi ya mdogo wake.