Kaa la Moto

Mánus alimwona Nábla, jirani mpya wa kule kilimani, kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kwanza ya Mei, siku ya kukaribisha kiangazi. Nábla alisimama mlangoni pake na chungu kitupu.

"Jirani, nisaidie kaa moja la moto. Moto wangu umezimika, na mtoto wangu mgonjwa anatetemeka."

Mama yake Mánus akadakia kutoka ndani, "Usimpe. Leo ukitoa moto, bahati ya nyumba inatoka nao. Siagi yote ya ng'ombe wetu itahamia kwake."

Mánus akatazama chini, akafunga mlango. Mtoto wa Nábla alizikwa kabla ya wiki kwisha.

Tangu hapo siagi ilijaa nyumbani, na kila alipoionja Mánus alisikia mlango ukigongwa.

Miaka thelathini baadaye, asubuhi ya siku ileile, aliona paa la Nábla halitoi moshi. Akajaza makaa kwenye chungu, akapanda kilima. Alimkuta kitandani, pumzi zikimwishia.

"Nimekuletea moto, Nábla."

Nábla alikitazama chungu.

"Rudi nao, Mánus. Leo si siku ya kutoa moto, na wewe una siagi ya kulinda."