Tumekosana

Jirani yangu, mshona nguo, hujiandaa kuungama akiwa kwenye cherehani. Kila Jumamosi asubuhi huzitoa pini midomoni, akazichomeka begani, kisha huzitaja dhambi zake kwa sauti ya chini huku miguu ikikanyaga. Akifika kwenye ile nzito, miguu husimama. "Tumekosana na wifi yangu," husema, halafu huukata uzi kwa meno.

Jumamosi hii nilikuwa hapo nikisubiri sketi yangu. Nikamtania, "Hiyo dhambi ni ya watu wawili. Na wifi naye anakuja kuungama?" Alicheka kidogo, akaendelea kukanyaga.

Kanisani alikuwa mbele yangu kwenye foleni, vidole vikikunja na kukunjua pindo la gauni. "Nilimwita mgumba mbele ya wageni wake," akaninong'oneza bila kugeuka. "Hatukukosana. Nilimkosea." Aliyetutangulia akatoka kwenye chumba cha maungamo, zamu ya jirani ikafika.

"Pita wewe, jirani," akasema. "Padri yupo mpaka jioni. Acha nimwahi wifi kabla hajatoka nyumbani."

Akapiga goti upesi, akaondoka kama mtu aliyeacha chungu motoni.