Kanda Niliyoifuta

Sikurithi kitu kwa baba yangu. Hilo nalisema waziwazi, hata mbele ya wakubwa wa kaunti wakinialika chai. Ngamia wake walimalizwa na ukame, na nyumba yake ilikuwa ya mikeka na miti ya kubebwa juu ya ngamia hao hao. Malori ya maji yanayopanda Modogashe na kushuka Bura, yale yenye tangi la kijani, ni yangu, na niliyapata bila darasa na bila mjomba serikalini. Herufi zenyewe nilijifunza ukubwani, kwa kusoma namba za magari. Nimezoea kusema kila nilicho nacho nimejinunulia, hadi masikio.

Masikio nayataja kwa sababu ya rumba. Watu huniuliza, Msomali wa Garissa na magitaa ya Kongo ni wapi na wapi? Nawaambia nilipokuwa utingo, dereva wangu alikuwa mtu wa bara, mkristo mwenye tumbo kubwa na roho safi, na kanda zake zilikuwa za rumba tupu. Barabara ya Wajir siku hizo ilikuwa mchanga na mawe. Ukikaa juu ya mizigo siku mbili huku gitaa linalia chini yako kwenye kebini, basi, umeshaolewa. Baba yangu aliimbia ngamia kisimani. Mimi nikachagua gitaa, nikajiona nimeendelea.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Baba hakujua kuandika. Mama alipokuja Garissa kukaa kwa dada yake, baba alibaki Wajir na mifugo, na barua zake alizituma kwa kanda. Alitafuta mwenye redio, akakaa mbele yake, akasema salamu, akasema nani amezaa na ngamia gani amezaa, kisha akampa dereva wa lori. Watu wengi walifanya hivyo. Kanda moja haikuwa na habari nyingi. Ilikuwa na salamu, kisha wimbo wake wa kunyweshea, ule wanaume huimba wakivuta ndoo za ngozi kutoka kisimani ili ngamia wajue maji ni yao na wanywe wakatulia. Jamaa wa redio aliibeba redio mpaka kisimani. Mama aliisikiliza kanda ile mara nyingi. Halafu baba akafariki, na mama akaifunga katika kitambaa, akaitia ndani ya sanduku lake la bati.

"Sauti ya marehemu haichezewi," alisema. "Nitaisikiliza nikizeeka."

Kufika wakati huo mimi nilikuwa nimeshaifuta.

Nilitaka rumba yangu mwenyewe, na sikuwa na kanda tupu. Nilijua barua ya baba iko upande mmoja na upande mwingine hauna kitu. Upande gani? Pande zote mbili ziliandikwa herufi, na herufi nilikuwa sizijui. Nikabahatisha. Vile vitundu vya juu, vinavyovunjwa ili kanda isifutike, nilivijaza karatasi kama dereva alivyonifundisha. Nikauzungusha utepe kidogo kwa kalamu, nikabonyeza, nikarekodi rumba upande mzima. Nilipougeuza nimsikie baba, nikasikia mvumo mtupu. Niliirudisha mahali pake, nikapanda lori siku hiyo hiyo.

Tangu hapo sikutulia, na hii ndiyo siri ya maendeleo ya nyumba yangu. Nilipopata uwezo, kitu cha kwanza niliitoa redio ya kaseti ya mama na kumletea ya sidii. Kisha televisheni ya ukutani. Kisha simu kubwa. Mtaa mzima ukasema, huyu mwana anampenda mamake, hataki apitwe na wakati. Wallahi, nilikuwa nafukuza kila mashine nyumbani inayoweza kucheza kanda.

Sikumfikiria binti yangu. Anasoma Nairobi, na likizo hukaa na kompyuta mapajani akitengeneza midundo, ile ya vijana, ngoma inagonga mpaka sufuria zinacheza kabatini. Mwaka huu alirudi, na asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai akaniambia kwa furaha, "Aabo, ayeeyo amenipa kanda ya babu! Nimempelekea fundi sokoni, ana mashine ya zamani. Alasiri tutaiskiza wote."

Aabo ni baba na ayeeyo ni bibi. Mama yangu alikuwa ameketi pale pale, amepaka hina mikononi kama mtu anayengoja mgeni.

"Nimeshazeeka, hooyo," aliniambia. Hooyo ni mama, na kwetu mama humwita mwanawe kwa neno hilo hilo.

Chai ilinishinda. Nilichukua gari.

Fundi wa redio ni kijana wa bara, yuko kwenye kibanda kilichojaa simu zilizopasuka. Nilimkuta anafuta kichwa cha mashine kwa pamba.

"Mzee, umeifuata ile kanda? Utepe ulikuwa umeshikana, nimeuhamishia ganda jipya. Iko sawa kabisa."

"Umeisikiliza?"

"Katikati kidogo tu, nione inazunguka." Akacheka. "Kumbe wazee wa huku walikuwa wanapenda lumba hivyo?"

Nikachukua kanda na mashine, nikamwambia nitampelekea binti mwenyewe. Njia ya nyumbani ni kulia. Nilipinda kushoto, nikashika barabara ya Modogashe.

Kanda niliiweka juu ya dashibodi, pale jua linapopiga. Jua la Garissa kwa saa moja linakunja plastiki kama chapati. Nilijiambia sitafanya kitu, naendesha gari tu, jua ni la Mungu. Nikapita ngamia, nikapita lori langu mwenyewe, dereva akanipigia honi na sikumjibu. Nikawasha redio, nikazima. Nikasimama, nikashuka, nikazunguka gari, nikapanda. Kanda ilikuwa imeanza kuwa moto mkononi. Kwa nini niliishika? Sijui. Niliitia chini ya kiti kwenye kivuli, nikageuza gari. Mbele kidogo nikaitoa tena, nikairudisha juani. Halafu nikaitia mfukoni mwa shati, na hapo ikakaa mpaka nyumbani.

Baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani. Mama alivaa shashi jipya kichwani. Binti akachomeka waya, akabonyeza.

Kwanza mvumo. Kisha mtu akasafisha koo, na nyuma yake ngamia akaguna.

"Assalamu alaykum, mama wa wanangu. Mimi ni mzima. Maji yako karibu mwaka huu, na leo..."

Pale nilipozungusha utepe kwa kalamu nilikuwa nimevuka kiasi hicho. Sikuwa nimejua. Nilidhani nilimfuta wote.

Halafu magitaa yakaingia.

"Nani huyo?" mama akauliza.

Mimi husimama mbele ya mkutano wa gavana nikazungumza bila karatasi, lakini siku hiyo nilitazama viatu vyangu.

"Ni mimi, hooyo," nikasema mwisho. "Nilirekodi juu yake. Nilikuwa utingo. Sikujua upande."

Binti akanyoosha mkono azime. Mama akamzuia. "Wacha. Labda anarudi."

Tukaisikiliza rumba yote. Upande mzima. Sijawahi kuuchukia muziki nilioupenda kama alasiri ile, na kila wimbo ulipoisha mama alisogea mbele kidogo, kisha gitaa lingine likaanza, akarudi nyuma. Ulipokwisha akasema tugeuze. Upande wa pili ulikuwa mvumo, naye akausikiliza huo pia.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nalinda harusi ya watu."

Nilitamani anitukane. Nilisimama, nikakaa, nikashika funguo za gari.

"Lakini ule wimbo wa kisima ulionisimulia, ayeeyo, aabo anauimba," binti akasema.

"Mimi? Mimi naimba rumba."

"Ukifungulia maji unaimba mwingine. Kila siku. Hata nikiwa mdogo nilikuwa nausikia pale kwa malori." Akafungua kompyuta. "Nilikurekodi Ramadhani. Nilitaka kuuweka kwa mdundo."

Akabonyeza. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tangi, mpira unapiga bati, na mwanaume anaguna hoo-yaa, hoo, hoo-yaa. Sikuijua sauti ile. Nilisikia mtu amekohoa, akamwambia dereva atoe gari, nikajua ni mimi. Halafu binti akatuchezea wake, ule wa vijana, na ndani ya zile ngoma nzito zinazogonga kifua kulikuwa na kitu kile kile, hoo-yaa, hoo, amekigeuza kuwa besi.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikamgeukia mama kama mwanafunzi aliyepata hesabu. "Hooyo, unaona? Haukupotea."

Alitikisa kichwa.

"Huo ni wako. Si wake."

"Ni ule ule!"

"Baba yako alikuwa anangoja. Anaimba, ananyamaza, ndoo inapanda, ngamia anaweka mdomo, ndipo anaimba tena. Wewe hungoji. Una haraka kama lori lako. Na huyu," akamwonyesha mjukuu, "pale pa kungoja amepigilia ngoma."

"Ayeeyo!" binti akalalamika.

"Nimesema uongo?"

Binti akacheka, mimi sikucheka. Nikamwambia mama, basi nifundishe, niimbe sawasawa. Akasema hawezi. Wimbo wa kisima ni wa wanaume, yeye alikuwa anakaa mbali na vyombo vya maziwa na hakuwahi kuutia mdomoni. Alijua tu mahali baba alipokuwa akingoja.

Binti alimkatia ile salamu ya mwanzo, akamtilia kwenye simu. Kila asubuhi mama huifungua. Mume wake anamsalimia, anasema maji yako karibu, anakatika, na mama anamjibu, "Wa alaykum salaam," kisha anaweka simu chini. Mara ya kwanza nilipomsikia nilitoka nyumbani bila viatu.

Juzi nilikaa karibu naye, nikajaribu. Yeye hakunitazama, alikuwa anatazama ukuta wa jirani. Nikaanza, hoo-yaa, hoo, na hapo akainua kidole.

Nikanyamaza. Simu mfukoni ilikuwa inatetemeka, bila shaka dereva wa Bura, gari limekwama, watu wanangoja maji. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe. Nilimtazama mama, mdomo wazi, wimbo uko kooni tayari kutoka.

Kidole kilikuwa bado juu.