Kuku Niliyempeleka Kwenye Bembea za Geita

Bustani ya bembea ya Shinyanga nimeizoea, hata mlinzi wake, Masanja, huniita mama. Niliposikia wamefungua tawi Geita, nikapanga kumpeleka mjukuu wangu Kabula. Kwetu mtu haendi ugenini mara ya kwanza mikono mitupu, basi nikatia kuku kwenye kikapu.

Getini Kabula akanisomea ubao: wanyama hawaruhusiwi. Haraka nikakifunika kikapu kwa kanga.

"Shikamoo bibi. Humo mna nini?" mlinzi wa hapo akauliza.

"Marahaba. Nguo za mtoto."

Kuku akalia.

"Bibi, nguo hizi zinataga?"

Kabula akaanza kulia, akijua tunarudishwa. Nikakiri kwa aibu, "Ni wenu, baba. Zawadi ya wenyeji."

Akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akicheka. "Wengine wote hutuletea tiketi tu. Piteni mkabembee."