Siku Baba Alipochagua Mfuko wa Shumba

Baba yangu alistaafu udresa baada ya kufunga vidonda na kugawa dawa za homa kwa muda wote niliomjua. Tulikuwa tukikaa Wingwi. Serikali ilimpa pencheni, na ikamhakikishia kwamba akiumwa atalazwa spitali ya Wete bila ya kulipa. Yeye mwenyewe, basi. Mama hakuwemo katika karatasi ile, na mgonjwa wa nyumba yetu alikuwa mama.

Mama alikuwa na pumu. Ikimshika hukaa kitako kitandani, mikono ameikita magotini, midomo ikabadilika rangi. Baba humkalia mbele akitazama kifua kinavyopanda na kushuka, na mimi nilijua moyo wake uko njiani Wete, maana sindano ilikuwa huko, na njia ya kwetu ilikuwa mawe na mashimo.

Wastaafu wa kaskazini, waalimu, makarani, wasimamizi wa barabara, walikuwa na mfuko wao wa kuuguzana. Mfuko ulitoa gari la kumpeleka mgonjwa, hata akiwa mke, ukamlisha anayemuuguza, na ukamvusha Unguja akihitaji kupasuliwa. Baba aliazimia kuingia. Kabla hajaingia, siasa ikaupasua pande mbili, kama ilivyopasua vilio na visima siku zile, watu wakawa hawazikani wala hawateki maji pamoja. Ukawa mfuko wa Wingwi na mfuko wa Shumba. Mtu aliingia mfuko mmoja tu, na akiuhama alianza kungoja upya nusu mwaka kabla ya kusaidiwa.

Gari la Wingwi lililala nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lakini fomu yao iliuliza: yupo katika nyumba hii mwenye maradhi ya zamani? Akiwepo, mtu huyo haingii. Fomu ya Shumba iliuliza vile vile, ila katibu wao alikuwa na ruhusa ya kumpitisha mgonjwa kwa saini yake. Katibu huyo alikuwa mume wangu.

Mimi wakati ule nilikuwa kwetu, nimekimbia. Mume wangu hakunipiga wala hakuninyima chakula. Alikuwa hanisemeshi. Siku moja nilimjibu mbele ya wageni, na tangu siku ile hakunielekezea neno, mwaka mzima. Akitaka chai humwambia mama yake, na mama yake huniambia mimi, sote watatu tukiwa ukumbi mmoja. Nilianza kujisikia kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwengine. Baba alishakubali kunipeleka kwa kadhi nidai talaka.

Jirani yetu, mkubwa wa mfuko wa Wingwi, alileta fomu asubuhi moja.

"Mkeo muandike mzima, yakhe," alimwambia baba. "Tukutie leo leo."

"Kifua chake kimo ndani ya daftari la dispensari, kwa mkono wangu."

"Nani atakwenda kulisoma?"

"Mimi," alisema baba. "Nimeliandika mimi, nitalisoma mimi kila siku."

Jirani akaondoka na fomu yake. Mama alikasirika. Alisema dresa mzima anaona haya ya karatasi wakati mkewe anakosa pumzi.

Siku ya tatu akaja mume wangu, kanzu safi, fomu ameikunja mfukoni. Walikaa barazani na mimi nikasimama nyuma ya mlango. Alizungumza kwa adabu kabisa.

"Bi mkubwa nitampitisha, mzee. Ni mama mkwe wangu, nani atanilaumu? Lakini asiyekuwa mkwe wangu siwezi kumpitisha. Wenzangu wataniuliza, huyu ni nani wako?"

Nilisikia mtu akipita na baiskeli, akatoa salamu, akajibiwa. Kisha nikasikia baba anaomba kalamu.

Hakuniita. Hakuniambia rudi. Aliingia ndani, akapita mbele yangu, akaenda kutia udhu. Nilifunga nguo zangu mwenyewe.

"Unakwenda kwa hiari yako?" mama aliniuliza.

"Kwa hiari yangu."

"Hebu niangalie usoni."

"Nitachelewa, mama. Ananingoja."

Majirani waliwatenga wazazi wangu baada ya hapo, kwa kuingia mfuko wa Shumba. Baba akitoa salamu, wengine walitazama chini. Mama akawa anafuata maji kisima cha mbali, na kifua chake kile, mpaka baba akaanza kuteka mwenyewe. Na huko Shumba mambo yalikuwa yale yale: chai iliagizwa kwa mama mkwe.

Mwaka uliofuata, baada ya adhuhuri, mtu alikuja mbio kusema mama amezidiwa. Gari la Shumba likatoka, mume wangu mbele na dereva, mimi nyuma. Tulipofika Wingwi, gari la mfuko wa jirani lilikuwa limesimama pale pale kwenye kivuli. Mama alikuwa hawezi kutamka neno zima. Mume wangu alimbeba kwa mikono yake, taratibu, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Kisha akamgeukia baba.

"Mzee, mwambie mwanao apande kwanza, amshike kichwa."

Baba alinitazama. Hapo ndipo alipojua nilikuwa nikiishi vipi. Au ndivyo nilivyodhani.

Mama alipona. Alishikwa tena, na tena, na kila mara gari lilikuja na sindano ikawahi. Nilikuwa nikimuombea dua mama apone, na kila akipona nilijua kwamba nami naendelea kukaa. Ikafika siku nikamuuliza mtu aliyetoka kwetu, "Kifua cha mama kikoje?" na nikajishika mdomo, kwa sababu sikujua nilitaka jibu gani.

Alikuja kufa kwa homa ya siku mbili, wala si kwa pumu. Hakuna gari lililoitwa, maana homa hakuna aliyeiogopa.

Ilipopita arobaini baba aliniambia nisirudi Shumba. Tulikuwa tukila, sisi wawili tu.

"Siku ile nilijua umesimama nyuma ya mlango," alisema. "Niliiona miguu yako kwa chini."

"Na ulijua kwamba hanisemeshi?"

"Ulinieleza mwenyewe ulipokimbia. Sikusahau."

"Mbona ukatia saini?"

Aliweka tonge chini. "Mama yako alikuwa anapumua kwa tabu, na wewe ulikuwa unapumua vizuri. Nilitazama hilo tu."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa napumua vizuri. Nikamtazama, mzee, mgane wa siku arobaini, nikamuongeza mchuzi.

Kadhi wa Wete alinitoa katika ndoa ile mwaka huo huo. Nilikaa na baba miaka sita mingine, nikimpikia na kumfulia, na neno lile hatukulizungumza tena.