Maneno Tisa Juu ya Paja

Samli ikianza kuchemka sufuriani, ikatoa ile harufu yake nzito ya maziwa na moshi, mimi hasira hunipanda. Watoto wangu wanajua. Wakwe zangu hudhani ni mambo ya tumbo. Si tumbo. Ni maneno tisa ya Kiingereza, kila moja lina herufi sita, na kila moja lina T mbili zimekaa katikati bega kwa bega. Maneno hayo ninayo mpaka leo. Kilichokwenda nayo ndicho nilichoporwa, tena mchana kweupe, watu wakiangalia.

Nawaeleza mwenyewe kwa sababu habari hii ilikwisha kusemwa na wengine, na waliisema vibaya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya Maganzo, upande wa mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa ndama unazama. Shule ilikuwa na vyumba viwili na iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea na la tano alifanya mtihani, akachaguliwa, akaenda shule ya mbali ya kulala hukohuko. Mwaka wangu, nafasi ya msichana ilikuwa moja. Tulioiwania tulikuwa wawili: mimi Kabula, na mwenzangu Milembe, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja na kugawana kiporo cha viazi.

Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwisha kusema mara moja tu, akiwa anasuka kamba: "Akichaguliwa, aende. Asipochaguliwa, shule ndiyo imemkataa, si mimi." Nami nilijua kinachofuata shule ikikukataa. Kulikuwa na wazee wa kijiji cha pili waliokuwa wameanza kupita kwetu mara nyingi mno kwa watu wasio na safari, na kila wakipita walitazama zizi letu, halafu wakanitazama mimi.

Basi wiki mbili kabla ya mtihani, Mwalimu Lukas alisimama mbele yetu akafunga mlango. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, suruali yake ina kiraka kilichoshonwa vizuri. Tulimpenda. Akasema mgeni mkubwa wa elimu atakuja mwenyewe kusimamia mtihani, na kwenye Kiingereza mgeni huyo hupenda kuuliza maneno ya herufi sita yanayoshirikiana herufi fulani, na maana zake. "Tafuteni yenye T mbili katikati," akasema. "Mimi nawapa mawili. LETTER, barua. LITTLE, kidogo. Mengine tafuteni."

Milembe akanong'ona, "Tutafute wapi, kichakani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitabu hata cha dini. Lakini nilikuwa mtoto mkaidi, na ukaidi nao ni mtaji. Neno la kwanza nililipata joshoni, tulikoogesha mifugo. Palikuwa na kibao cha bati kimeliwa na kutu, na juu yake CATTLE. Nikahesabu kwa vidole: mkono mmoja na kidole kimoja. Sita! Nikauliza maana, nikaambiwa ng'ombe. Nilipomweleza baba, akakunja uso. "Ng'ombe yupi? Mwekundu? Wa mabaka? Mwenye pembe za kuinama?" Nikasema wote tu. Baba akatikisa kichwa akiwahurumia Waingereza.

La pili na la tatu nilipewa na karani wa kupimia pamba. Msimu ule tulikuwa tunachambua pamba, safi huku na fifi, ile chafu, kule, na vidole vyangu vilikuwa vimechanika kwa miba ya vikonyo. Nikamsogelea, nikapiga magoti, nikamwambia shida yangu. Akacheka. Akanionyesha gunia: COTTON, pamba. Kisha akashika shati lake kifuani: BUTTON, kifungo. "Sasa nichotee maji," akasema. Nikamchotea debe moja.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno lina bei yake. Mkono mtupu haulambwi. Palikuwa na mzee aliyewahi kupikia Wazungu mgodini, amestaafu, miguu inamuuma, na kisima kiko mbali naye. Yule alikuwa ghala! Nilikwenda kwake siku nne, kila siku debe moja kichwani, na kila debe nilipewa neno moja. BOTTLE, chupa. KETTLE, birika. BUTTER, siagi. La mwisho alilitoa kwa maringo: MUTTON, nyama ya kondoo.

Nilipofika nyumbani na hilo la mwisho, mama alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Akaacha kusukasuka.

"Kondoo mwenyewe wanamwitaje?"

"Wanamwita jina jingine, mayu."

"Kwa hiyo akichinjwa anabadilishwa jina? Wanaogopa atawadai?"

Tukacheka mpaka maziwa yakamwagika. Nakumbuka kicheko kile kuliko vicheko vingi vya maisha yangu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana kesi yote imelala hapa. Karatasi hatukuwa nayo. Daftari moja la shule lilibaki shuleni, na vibao vya kuandikia vilifungiwa kabatini. Watoto wote wa shule ile tuliandika kwenye miguu. Ngozi zetu zilikuwa kavu, zimepauka kwa vumbi na jua. Ukichora kwa kijiti cha bua la mtama, maandishi yanatoka meupe kama ya chaki. Ukitaka kufuta, unatema mate unasugua. Nani alitufundisha? Mwalimu Lukas. Kwa kinywa chake alisema, "Paja ni daftari lisilopotea." Alikuwa akitupitia mstarini asubuhi, akitusomea miguu na kutusahihisha. Wengine walichapwa kwa kujipaka mafuta siku ya hesabu.

Asubuhi ya mtihani mama akanishika mkono, akanivuta jikoni. Alikuwa ametenga samli kwenye kifuu. "Leo kuna mgeni," akasema. "Hutakwenda mbele yake na miguu ya majivu kama mtoto asiye na mama." Nikamkatalia. Nikamwambia nataka kujisomea njiani, na mguu wa mafuta hauandikiki. Akabembeleza, akafoka, akaniachia. Nikaenda naandika, nafuta, naandika. Nilipofika shuleni maneno yote tisa yalikuwa juu ya paja la kulia, na gauni limeyafunika. Sikuyafuta. Kwa nini niyafute? Yalikuwa kichwani kabla hayajawa mguuni.

Mgeni alikuwa mtu mnene mwenye miwani na soksi ndefu. Akatugawia karatasi, akaandika swali ubaoni, na swali lilikuwa lilelile. Milembe akanikanyaga kidole kwa furaha. Nikaandika tisa, na maana zake, sikuinua kichwa wala kushusha jicho. Mungu wangu anajua: gauni langu halikusogea.

Kisha akaamuru tumpelekee karatasi mmoja mmoja.

Mimi ni binti wa Kisukuma. Huwezi kumpa mkubwa kitu umesimama kama mlingoti. Nikafika mbele yake, nikapiga magoti yote mawili, nikamkabidhi kwa mikono miwili, macho chini. Na gauni lenyewe lilikuwa la mwaka juzi, limenikimbia. Nilipopiga magoti likapanda juu ya paja.

Kisha nikasikia, "Hii nini?"

Akaniinua kwa sikio. Akanigeuza kuelekea darasa, akalivuta pindo la gauni kwa ncha ya fimbo, akasoma kwa sauti: "COTTON. CATTLE. BUTTON. Mwizi! Amekuja na majibu mwilini!"

Nikamwambia hapana, bwana, ni ya kujisomea. Akasema wezi wote hujisomea. Nikamwambia, na nilikuwa nalia lakini maneno yalitoka sawasawa, "Nifuteni na maji, mniulize upya. Niulizeni hata kwa kurudi nyuma."

"Mtoto wa kike ana mdomo!" akasema. Akachukua kalamu nyekundu, akachora mstari juu ya karatasi yangu toka pembe hadi pembe.

Nikamtazama Mwalimu Lukas. Alikuwa amesimama dirishani, hatua tatu kutoka kwangu. Neno moja tu lingetosha: "Hapa wote huandika miguuni, bwana mkubwa, hata huyu, hata yule." Nilimtazama kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoitazama kamba. Akatazama nje. Nje hapakuwa na kitu. Palikuwa na mbuzi.

Milembe alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nilimwona akitema mate kiganjani, anasugua paja lake harakaharaka, kisha naye akaenda akapiga magoti, msafi kama sahani. Ndiye aliyechaguliwa. Sikumwonea wivu. Nasema uongo: nilimwonea, miaka mingi.

Nyumbani baba hakunipiga wala kunigombeza. Alisema tu, "Shule imekukataa," na wale wazee wasio na safari wakaanza kukaribishwa viti. Nilikuwa bado sijatimiza umri wa kujua kupika ugali wa watu wengi. Kijijini wakaniita Mwizi wa Paja. Niliolewa na jina hilo likanifuata kwa wakwe. Lakini lililoniuma kuliko yote lilikuwa mama. Yeye alijitwika kosa. Kila tulipokutana, hata mimi nikiwa na watoto, angefika mahali akasema, "Siku ile ningekushika kwa nguvu nikakupaka." Mwanamke asiyejua A, akajihukumu kwa mtihani alioufelisha mtu mwingine.

Na mimi utotoni nilielewa hivi: Mwalimu alinyamaza kwa sababu aliamini nimeiba. Hilo lilinikaa. Unaweza kubishana na mgeni, lakini mtu aliyekufundisha akikudhani mwizi, unaanza kujitilia shaka. Kuna siku nilijiuliza kama kweli sikushusha jicho.

Miaka ikapita, tukahamia Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage. Ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Siku moja nimepanga, nikasikia nyuma yangu, "Wewe si Kabula?" Nikageuka. Kichwa kimejaa mvi, lakini kiraka cha suruali kilikuwa bado kimeshonwa vizuri.

Shikamoo nilimpa, kwa sababu nililelewa. Akaitikia marahaba akiwa hanitazami. Tukasogea hatua mbili na foleni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kabula, nilijua hukuiba."

Nikamuuliza kwa nini basi.

"Lile swali," akasema. "Rafiki yangu aliyefundisha shule alikoanzia yule mgeni ndiye aliyenidokeza. Ningesema watoto wote huandika miguuni, angewakagua wote. Angekuta miguu yote ina T mbili. Angeniuliza wamejuaje. Ningefukuzwa kazi siku ileile, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nisamehe."

Pale ndipo nilipojua. Mstari ulikuwa mrefu, sabuni zilikuwa zinakwisha, na mimi nikatoka kwenye foleni.

"Hapa pembeni, kwa kunong'ona, sikusamehi," nikamwambia. "Uliniacha mbele ya watu. Utanirudisha mbele ya watu. Mama yangu yuko kwangu, anazeeka, na anaamini yeye ndiye aliyeniponza. Njoo umwambie."

"Kabula, mimi ni mtu mzima sasa."

"Hata siku ile ulikuwa mtu mzima. Mtoto nilikuwa mimi."

Sikutegemea atakuja. Akaja, Jumamosi, amevaa koti. Majirani zangu wawili walikuwa uani tukibangua karanga, watoto wangu wapo, mama amekaa mkekani. Nikamwambia aseme kwa Kisukuma, mama asikie mwenyewe bila mkalimani. Akasema yote, alipodokezwa, alivyotuambia, alivyonyamaza. Hakupunguza. Hilo nampa. Jasho lilimtoka chini ya koti.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vinaendelea na karanga. Kisha akauliza swali moja.

"Huyo mtoto aliyekuwa tumboni mwa mkeo, alizaliwa nini?"

"Msichana, mayu."

"Alisoma?"

"Alisoma. Ni mwalimu."

"Haya," mama akasema. "Basi unajua kipimo cha ulichomnyima wangu." Na kuanzia siku ile sikumsikia tena akijilaumu, mpaka tulipomzika.

Nilipokuwa mdogo niliamini mkubwa akinyamaza ni kwa kuwa hajui. Kumbe chumbani mle yule mgeni ndiye hakujua, wenzangu waliogopa fimbo, na mtu mmoja tu alijua kila kitu toka mwanzo hadi mwisho, naye akamtazama mbuzi. Watu huniuliza kama hatimaye nilimsamehe. Nilimpikia, akala akashiba, nikamsindikiza mpaka njia panda kama mgeni yeyote. Zaidi ya hapo asiniombe mtu.